Maziwa ya Mnyaa

Nyumbani kwetu ni Mwika, kwenye migomba na kahawa. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anaishi chini, tambarare, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mume wake. Kutoka kwetu hadi kwake ni gari moja na bodaboda moja, lakini ukifika unahisi umevuka mpaka wa nchi. Ubaridi unakwisha. Mfereji uliokuwa unakufuata kando ya njia unapotea. Inabaki miti isiyohitaji maji, na mimi tangu utotoni niliiogopa miti hiyo, kwa sababu haikufanana na miti.

Nilitumwa kwake nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba nikabaki nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Shangazi alipiga simu akasema mbuzi wa watu wanapita kwenye uzio wake na kula mahindi, anahitaji mtu wa kumsaidia kuziba mapengo. Mama akanitazama. Sikusema ndiyo wala hapana. Kwetu nikikaa kimya huhesabiwa nimekubali.

"Shikamoo shangazi," nilisema nilipofika.

"Marahaba. Kumbe umesema? Nilidhani ni upepo."

Mimi nina jina la bibi, yaani mama yake, kwa hiyo ananiita mama. Alinipokea mfuko, akanizunguka akinitazama kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mama yangu mimi alikuwa akiongea hapa wanamsikia Himo," alisema. "Wewe umepewa jina lake. Mdomo umeuacha wapi?"

Nilicheka kidogo nikaangalia chini. Nilikuwa naangalia chini kwa sababu nyingine pia, kwamba kila kitu pale kilikuwa na miiba.

Jioni ile alinitembeza mpakani. Kwenye kona kulikuwa na mti mkubwa kuliko nyumba yake, shina moja nene, halafu matawi ya kijani yenye pembe, hayana jani hata moja, yamesimama wima yote kama kwaya iliyoinua mikono. Alisema nyuki wakila maua ya mti ule, asali yake huwasha koo, kwa hiyo watu wa pale hawarini msimu huo. Mbele kidogo kulikuwa na kichaka chenye tumbo. Shina lake lilivimba kama mtungi, juu vijiti vitatu vinne, na kwenye ncha za vijiti maua ya rangi ya pinki, wakati nyasi zote kando yake zilikuwa zimekufa.

"Ni kizuri," nilisema.

"Kizuri, ndiyo. Utomvu wake wazee wa huku walikuwa wanapaka kwenye mishale."

Palikuwa pia na dungusi, lile lenye vipande bapa vinavyoota kimoja juu ya kingine kama chapati zilizosimamishwa, kila chapati ina sindano zake. Hilo lililetwa zamani, alisema, lakini sasa linajiona ndilo lenye ardhi. Na sehemu yote iliyobaki ya mpaka ilikuwa minyaa. Unaweza kuishi miaka mingi juu mlimani usijue mnyaa ni nini. Ni vijiti vya kijani, mviringo kama penseli, vimesongamana hadi kuku hapiti. Shangazi alivunja kijiti kimoja akakinyoosha mbali na uso wake. Maziwa meupe yakaanza kudondoka, moja, jingine, kama bomba lisilofungwa vizuri.

"Haya yakiingia kwenye jicho, jicho limekwenda. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema kwa sauti, nijue umesikia."

"Nimesikia, shangazi."

Akanifundisha. Ukikata, upepo uwe mgongoni. Ukimaliza tawi, utie vumbi mahali lilipokatwa ili maziwa yagande. Matawi hayapandwi siku hiyohiyo, yanalazwa kivulini siku kadhaa kwanza, la sivyo yanaoza. Mwisho unasugua mikono kwa majivu, unanawa kwa sabuni, na kabla ya kunawa hushiki kitu. Nilirudia yote moyoni kama sala. Siku tatu za kwanza nilitembea nimekunja mikono kifuani, nikiogopa hata kujikuna.

Siku ya nne tulikata. Tulianza asubuhi, yeye upande wake, mimi wangu, kila mtu na panga. Saa nne jua lilikuwa limeshakuwa kali akaniachia kazi, akaenda kunawa na kuwasha moto, kwa sababu majirani wawili walikuwa wamesema watapita. Mimi niliendelea. Nilifanya kila kitu alichoniambia. Upepo mgongoni, vumbi kwenye kila jeraha la tawi. Nilipomaliza mikono yangu ilikuwa na madoadoa meupe hadi kwenye kiwiko, na mpini wa panga ulikuwa unateleza.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Ukikata mgomba, utomvu wake ukigusa nguo, nguo imekufa, linabaki doa jeusi ambalo sabuni haitoi. Kwa hiyo kila nyumba ninayoijua huko juu ina kitambaa kikuukuu kinachoning'inia kwenye mlango wa jiko. Ukitoka shambani, kabla ya kushika chochote, hata maji, unajifuta hapo. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Hakuna anayeuliza kitambaa kile ni cha nani.

Jiko la shangazi lilikuwa na kanga moja ya zamani imetundikwa mlangoni. Majivu yalikuwa ndani, na ndani kulikuwa na majirani. Wake wa vibarua wa mashamba ya miwa, wanawake wakubwa, wacheshi, wanaoongea kwa pamoja, na niliogopa kupita katikati yao nikiwa na mikono vile. Nikajifuta kwenye kanga. Nilijifuta vizuri, kidole kwa kidole, na mpini wa panga pia. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba kutafuta majivu ya zamani, nikasugua, nikanawa kwa kikombe kimoja, kwa sababu maji pale huletwa kwa madumu na nilikuwa naona aibu kuyatumia.

Niliporudi nikaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Jirani mmoja alikuwa anasimulia habari ya mume wake aliyefukuzana na ngedere akavua viatu akamtupia, ngedere akaondoka na kimoja.

"Sasa anaenda kazini na kiatu na kandambili," alisema. "Msimamizi anamuuliza, wewe unaumwa? Anasema, hapana mkuu, nimeibiwa nusu."

Wakacheka. Moshi ulikuwa unamrudia shangazi usoni, naye anacheka huku anakohoa. Akanyoosha mkono bila kutazama, akavuta kanga ya mlangoni.

Ndipo nilipoelewa kitambaa kile kilikuwa cha nini. Kule hakuna migomba. Ile ilikuwa kanga yake ya kufuta uso.

Nilisema, "Shangazi." Nina hakika nilisema. Lakini nilisema kama ninavyosema siku zote, na kicheko kilikuwa kikubwa, na watu wale walikuwa wageni. Nilikuwa na muda wa kuinuka. Nilikuwa na muda wa kumshika mkono. Nimeupima muda ule mara nyingi tangu siku hiyo, na ulitosha. Alijifuta paji la uso, akajifuta macho, kwanza la kulia, akikandamiza, halafu la kushoto.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mh," kisha akasimama, kisha akaketi chini kwenye vumbi.

Jirani mwenye hadithi ya ngedere ndiye aliyejua haraka. "Minyaa," alisema. "Maji. Wewe binti, maji, lete dumu zima." Nililileta. Tukamlaza, mmoja akamfungua kope kwa vidole, mimi nikamimina. Nilimimina dumu lote na nusu ya la pili. Maji mengine yakaingia puani, akapaliwa. Alipoweza kusema alisema, "Ni mimi mwenyewe. Nilikata asubuhi. Sikunawa vizuri."

"Ulinawa dada, mbona tulikukuta unanawa," jirani alisema.

"Basi sikunawa vizuri. Uzee huu."

Nilikuwa nimeshika dumu tupu. Nikanyamaza.

Bodaboda ilitubeba watatu hadi barabara kuu, yeye katikati amefunika uso, na kutoka hapo tukapata gari la kwenda Moshi mjini. Hospitalini walimwosha tena macho kwa muda mrefu sana, nikahesabu vigae vya sakafu kutoka ukutani hadi mlangoni na kurudi. Daktari wa macho alikuwa mpole. Alisema jicho la kushoto lina nafuu. La kulia limeungua, na hawezi kusema sasa kama litaona. Turudi baada ya wiki. Akatoa dawa ya matone, itiwe kila baada ya saa chache, na mgonjwa akae gizani. Muuguzi alimfundisha mtu aliyekuwa karibu jinsi ya kuitia. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Tulimpeleka kwetu Mwika. Akawekwa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa. Mwanga ulimuumiza hata wa mlangoni, kwa hiyo alijifunga kitambaa cheusi machoni, akakaa kitandani ameegemea ukuta akisikiliza nyumba. Nilimfungua kitambaa mara tano au sita kwa siku. Jicho la kulia lilikuwa jekundu lote, na mahali penye weusi palikuwa na ukungu, kama glasi iliyopuliziwa pumzi. Nilikuwa nalitazama kuliko mtu yeyote. Kila asubuhi nilijaribu kujiambia ukungu umepungua, halafu nikashindwa kujiamini.

"Linaonekanaje?" aliuliza.

"Zuri."

"Mama, wewe hata uongo unausema polepole."

Baba alikuja kuketi naye jioni, kabla ya chakula. Siku ya tatu alirudia alichokuwa akikisema kwa miaka kadhaa, kwamba dada yake arudi kukaa huku juu moja kwa moja, na shamba la chini likodishwe. Siku zote shangazi alikuwa akimjibu kwa mzaha. Alikuwa akisema huku juu kuna matope na wakwe wengi mno. Nilikuwa mlangoni na bakuli la mtori, nikasubiri mzaha.

"Labda ni kweli," alisema. "Miaka thelathini nimekata minyaa, sijawahi hata kuwashwa. Sasa kama nimefikia kusahau kunawa mikono, kesho nitasahau moto. Nitafute mtu wa kukodisha."

Bakuli lilikuwa linaniunguza vidole. Mpaka siku ile nilikuwa naogopa jicho tu. Nilikuwa najiambia kwamba kusema hakutalirudisha jicho, kwa hiyo kunyamaza hakumwongezei mtu hasara. Sasa nikaona shamba linaondoka, na kitu kingine kinaondoka pamoja nalo, ile hali yake ya kujijua. Alikuwa anajutia kosa ambalo hakulifanya, na mimi ndiye ninayemtia dawa.

Usiku ule sikumwambia. Wala asubuhi. Nilipanga maneno nikiwa nakata majani, nikayapanga tena nikiwa nabeba, na nikifika mlangoni kwake yanakuwa hayapo. Nilitia dawa. Nilisema, "Usifumbue." Nilitoka.

Kwetu mtu aliyekosa hukata jani la isale, lile tunalolipanda mipakani na kwenye makaburi, akalifunga fundo, akalipeleka kwa yule aliyemkosea. Ukiletewa isale hukatai kusikiliza, hata kama kuna ugomvi wa ardhi, hata kama mmeapa kutosalimiana. Nilikuwa nimeona wazee wakifanya. Sikuwahi kusikia limebebwa na msichana wa miaka kumi na tisa kwenda chumba cha nyuma cha nyumba yao wenyewe. Lakini nilifikiri kwamba jani litasema kila kitu, mimi nitasimama tu. Nikakata moja mpakani, nikalifunga, nikaingia nalo nimelificha nyuma kana kwamba kuna mtu wa kuliona.

Nilimwekea kwenye kiganja. Vidole vyake vikalifuata jani taratibu hadi kwenye fundo, vikasimama.

"Hili isale," alisema. "Nani kakutuma? Baba yako? Mwambie sina ugomvi naye wa shamba, tumeshaelewana."

"Si baba."

"Nani basi?"

"Ni langu."

Akageuza uso wake kuelekea sauti yangu, na kile kitambaa cheusi. "Wewe umenikosea nini? Sikuoni, mama. Ningekuwa nakuona ningebahatisha. Sema."

Nikasema. Nilianza vibaya, nikaanza na utomvu wa migomba, akaniambia haelewi, nianze tena. Nikaanza na kanga. Nilisema nilijifutia hapo mikono na mpini. Nilisema nilidhani ni kitambaa cha mlangoni.

"Ni cha mlangoni," alisema.

"Kama cha huku. Cha utomvu."

Vidole vyake vilirudi kwenye fundo, nikajua ameelewa, kwa sababu na yeye amezaliwa huku. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Uliniona nikiivuta?"

"Nilikuona."

"Ukasema?"

"Nilisema. Taratibu."

"Taratibu," alirudia. Alilikunja lile jani, akalikunjua. "Siku nne unanifungua macho. Siku nne unanisikia nikijiita mzee mjinga mbele ya mdogo wangu. Na ulimi unao."

Aliliweka jani kando yake kitandani.

"Isale linanizuia kukufukuza," alisema. "Halinizuii kukasirika. Toka kwanza."

Nilitoka nikasimama kwenye migomba. Nilimsikia akimwita baba kwa sauti ile ambayo nadhani bibi alikuwa nayo. Baba akaitwa, mama akaitwa, halafu nikaitwa mimi, nikaambiwa niseme tena yote, na nikifika mahali pa kuongea polepole shangazi ananikata: "Hawakusikia. Rudia." Nilirudia. Mama alifunika mdomo. Baba alinitazama kwa muda kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

"Hata hivyo, dada," alisema mwishoni, "jicho ni jicho. Utakaaje kule peke yako?"

"Hilo la jicho tutaliuliza jicho. Lakini usiseme tena nimesahau kunawa. Nilinawa."

Siku zilizobaki hadi kurudi hospitali hakunitania hata mara moja. Aliniruhusu kutia dawa. Alisema aika nikimaliza, asante ileile ambayo angempa mgeni. Ningependa angenitukana.

Daktari aliziba jicho la kulia kwa kiganja akamwonyesha vidole. Vitatu, akasema shangazi. Viwili. Vitano, na una pete. Daktari akacheka, akaziba la kushoto. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Shangazi alisogeza uso mbele.

"Naona mkono," alisema. "Uko nyuma ya chandarua."

"Vidole?"

"Vipo. Vingapi, sijui."

Daktari alisema limebaki kovu kwenye kioo cha jicho, linaweza kupungua kadiri miezi inavyokwenda, linaweza lisipungue, tuendelee na dawa. Akauliza maji yalitiwa baada ya muda gani na mengi kiasi gani. Shangazi alinigeukia, na lile jicho zuri likanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kanga, likasubiri. Nikamwambia daktari, kwa sauti ya kumfikia.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali, akajikinga kwa mkono. Akasema anarudi kwake Jumamosi. Nikasema baba atakataa. Akasema mahindi hayahitaji macho mawili, na baba yangu atakataa hadi Ijumaa tu. Akaanza kutembea kuelekea stendi, na hatua chache mbele bega lake la kulia likagonga toroli la muuza machungwa ambalo mimi nilikuwa nimeliona tangu mbali.

"Pole mama," muuza machungwa alisema.

Shangazi alisimama akijishika bega. Hakuwa ameumia. Lakini nilimwona akiligeukia lile toroli, akiliangalia vizuri kwa jicho moja, kubwa vile, lenye rangi vile, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Uliliona?" aliniuliza.

"Niliona."

"Basi hama. Njoo upande huu."

Nikapita nyuma yake nikakaa kuliani kwake. Nimekaa hapo karibu mwaka sasa, kule chini, na ukungu bado upo. Tukitembea namwambia. Jiwe. Mwiba, inama. Mbuzi wa watu. Siku nyingine anasema ameliona, nami sijui kama ni kweli, kwa hiyo nasema tena.